Barua ya wazi kwa Bodi ya kampuni yetu: nani anahesabu dakika zetu mlangoni?

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi,
Ndugu wajumbe wa Bodi,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Shikamooni wakubwa wangu.

Mimi ni mzimamoto katika kitengo cha zimamoto cha kiwanda chenu cha pamba hapa Arusha, zamu ya usiku. Nina miaka 14 katika kazi hii, na 9 kati ya hiyo nimekuwa kiongozi wa zamu. Jina langu mnalo, maana lipo kwenye barua tatu tulizowaandikia kupitia ofisi ya utumishi. Ya kwanza tuliambiwa kwa mdomo kwamba imepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilishushwa kwa mkuu wetu wa kitengo, yule yule tuliyekuwa tunamzungumzia, na wiki iliyofuata mwenzetu aliyeipeleka akahamishiwa getini kufungulia malori. Ndiyo maana hii ya nne naiandika hadharani. Kampuni sikuitaja na mkuu wetu sikumtaja, kwa sababu sina haja ya kumwaibisha mtu mbele ya watoto wake. Ninyi mtajijua.

Jambo lenyewe ni hili: wazimamoto wenu wamepoteza imani na uongozi wa kitengo. Si mmoja wala wawili wenye kinyongo. Zamu mbili wamesaini wote, na zamu ya tatu wamesaini zaidi ya nusu. Karatasi ya saini ninayo, na atakayeiomba kwa heshima nitamletea.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye moshi, "kupoteza imani" kunasikika kama maneno ya mkutano wa siasa. Kwetu ni kitu kidogo cha kushikika. Mzimamoto anapovaa mtungi wa hewa na kuingia ndani ya jengo, mlangoni panatakiwa kubaki mtu mmoja mwenye ubao, kalamu na saa. Ukifika unampa kibati chenye jina lako. Anakitundika, anaandika shinikizo la mtungi wako, saa uliyoingia na saa unayotakiwa uwe umetoka. Hatoki pale. Habebi ndoo, havuti mpira wa maji, hapokei simu ya mtu. Kazi yake ni kuwahesabu walio ndani, kuwapigia kelele muda ukikaribia kwisha, na wasipotokea kutuma wengine wakawatafute. Sisi tunamwita mtu wa ubao.

Hesabu anayoifanya si ngumu, ila haisamehe. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi shinikizo la bar 300 unabeba hewa ya takriban lita 2,000. Mtu anayefanya kazi nzito anavuta lita 40 kwa dakika, akishikwa na hofu anavuta zaidi sana, kwa hiyo ile inayoonekana kwenye karatasi kama dakika 50 inaweza kuwa dakika 25 gizani. Shinikizo likishuka hadi karibu bar 55, filimbi ya mtungi inaanza kulia. Hapo umebakiwa na dakika 9 hivi kama umetulia, na gizani hakuna aliyetulia. Kwa kawaida mtu aliye ndani haangalii kipimo chake kila mara. Mikono ina mpira, macho hayaoni hata kiganja. Amemwachia mtu wa ubao kazi ya kukumbuka. Hiyo ndiyo imani ninayoizungumzia.

Sasa niwasimulie usiku mlioandikiwa kwamba "moto ulidhibitiwa bila madhara kwa binadamu".

Ulikuwa mwezi wa tisa, msimu wa upepo. Kipande cha chuma kilichoingia na pamba kiligonga mashine kwenye chumba cha kufungulia marobota, cheche zikasafiri na bomba la hewa hadi ghala la nyuma. Niwakumbushe jinsi moto wa pamba ulivyo, kwa sababu wengi wenu mnaiona pamba ikiwa nyeupe kwenye sampuli mezani. Robota limekandamizwa likawa gumu kama gogo. Moto hauliwashi tu kwa juu, unajichimbia ndani na kulala humo, unaweza kukaa siku kadhaa bila ulimi wa moto kuonekana, unatoa moshi tu. Ukimwaga maji juu yanateleza. Ukiendelea kumwaga, robota linanywa maji, linakuwa zito, na mrundo uliopangwa hadi karibu na dari unaanza kuinama. Na katika moshi huo kuna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu bila kumwonya. Kwa hiyo lazima watu waingie na mitungi, wafungue marobota moja moja, wayaloweshe kwa ndani, wayatoe nje. Ni kazi ya subira. Haina ushujaa wa kupigwa picha.

Niliwaingiza vijana wawili. Mmoja alikuwa katika mwaka wake wa tatu kazini. Mlangoni niliweka mtu wa ubao, mtulivu, anayejua hesabu yake. Kisha mkuu wetu wa kitengo akafika, na kwa utaratibu wenu yeye akifika ndiye anayeshika amri. Akanituma upande wa mashariki nikapoze ukuta unaopakana na stoo ya vipuri. Nikaenda, amri ni amri.

Niliporudi sikujua ni muda gani umepita. Niliukuta ubao umelala chini kwenye changarawe, vibati viwili bado vinaning'inia, kalamu imekanyagwa. Mtu wa ubao hayupo. Alikuwa ameitwa akasaidie kutoa maboksi ya vipuri na mafaili ya stoo. Nilimwona kwa mbali anakimbia na boksi begani, na baadaye aliniambia alimjibu mkuu, "Afande, nina watu ndani," akaambiwa, "Ni dakika moja tu."

Wakubwa zangu, mimi nimezika wazazi wangu wote wawili. Sijawahi kujisikia kama nilivyojisikia nikiwa nimeshika ubao ule, nikijaribu kusoma saa ya kuingia chini ya matope.

Mmoja alitoka mwenyewe, filimbi inalia. Alidhani mwenzake ametangulia. Mwenzake hakuwa ametangulia. Robota lilidondoka kati yao wakatengana. Nilivaa mtungi nikawa naingia, mara nikamwona anatambaa kizingitini. Alikuwa ameupata mpira wa maji kwa kupapasa, akaufuata kwa mikono, kiungo baada ya kiungo, mpaka nje. Filimbi yake ilikuwa haisikiki tena. Ikifika hapo barakoa inaanza kunata usoni, kila ukivuta hakuna kinachokuja. Tulimvua. Alilala chali kwenye changarawe muda mrefu, halafu akageuka akaniuliza, "Kiongozi, ulikuwa unanihesabu?"

Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu, na barua hii nusu yake ni kwa sababu ya swali hilo.

Alikohoa wiki nzima. Picha ya kifua alijilipia mwenyewe, kwa sababu ili ajaziwe fomu ilibidi kwanza taarifa iseme kwamba kuna mtu aliumia, na taarifa ilishaandikwa kwamba hakuna.

Siku ya tatu tuliitwa kwenye kikao. Katika kazi yetu kikao cha baada ya moto ni chombo cha kazi sawasawa na mpira na ngazi. Mnakaa, vyeo vinawekwa pembeni, kila mmoja anaeleza alichokiona, na kilichoharibika kinatajwa ili kesho kisirudiwe. Mkuu wetu alifungua kwa kuwashukuru waliookoa vipuri. Akauliza kwa nini tulitandika mpira mrefu kiasi kile. Niliponyoosha mkono na kutaja ubao alisema, "Tusikuze mambo, kila mtu katoka." Chumba kizima kilinyamaza. Nadhani imani iliondoka pale, katika ule ukimya, zaidi hata ya usiku wenyewe. Kosa la usiku linaweza kumpata yeyote, moto unachanganya akili. Kukataa kulitazama asubuhi ni uamuzi.

Nataka nimtendee haki mkuu wetu. Si mtu mbaya. Alipoteuliwa alitukuta na buti zilizotoboka, na kabla miezi miwili haijapita kila mmoja alikuwa na buti mpya. Anafika kazini kabla ya wote. Ametokea kwenye stoo, amepanda kwa jasho lake, na kila robota ghalani anajua thamani yake bila kufungua daftari. Ndiyo maana akifika kwenye moto, jicho lake linaenda kwenye mali kwanza. Ndivyo alivyolelewa na kazi. Simlaumu kwa kuwa mzuri katika kazi aliyofundishwa. Nawalaumu ninyi mliompa amri ya eneo la moto bila kumfundisha amri ya eneo la moto, mkadhani cheo kinakuja na elimu yake ndani.

Makosa ya namna hii hayatokei kwenye kampuni ya Arusha peke yake. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, jengo la ghorofa la Grenfell, London, liliungua na watu 72 wakafa. Simu ya kwanza ilipigwa saa 6:54 usiku. Wakazi waliokuwa wakipiga simu waliambiwa wabaki ndani ya nyumba zao, kwa sababu huo ndio ulikuwa utaratibu wa majengo kama lile, na agizo hilo halikufutwa mpaka saa 8:35. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake ya kwanza mwezi Oktoba 2019, ilisifu ujasiri wa wazimamoto waliopanda ngazi zile. Lawama iliziweka juu: makamanda hawakuwa wameandaliwa kutambua kwamba utaratibu umeshindwa, wala kufundishwa namna ya kuuacha na kuwatoa watu. Mkuu wa kikosi cha zimamoto cha London aliondoka kazini mwisho wa mwaka huo. Nchi yenye magari na vifaa ambavyo sisi tunaviona kwenye picha tu, ikakwama mahali pale pale tulipokwama sisi: aliyeshika amri hakuandaliwa kwa usiku ule.

Nirudi nyumbani. Kuna jambo la fomu, na hapa na mimi nimo.

Mitungi ya hewa ina tarehe. Imechapwa kwenye mtungi wenyewe, lini umepimwa kwa shinikizo la maji na lini unatakiwa kupimwa tena. Mtungi uliopitwa na tarehe ni kitu cha kuogopa hata ukiwa umelala kwenye rafu, seuze mgongoni mwa mtu mbele ya joto. Kwenye rafu yetu ipo iliyopitwa. Kwenye fomu ya ukaguzi ya kila mwezi imewekwa alama ya vema. Alama hizo, kwa miezi mitano mfululizo, baadhi ni za mkono wangu. Niliambiwa fedha za kupima zipo njiani, nisaini ili ukaguzi upite, na nikasaini. Nililiandika hili kwenye barua ya pili, nalirudia hapa mbele ya kila mtu, ili asije akatokea wa kusema nawachongea wengine nikijificha. Kama kuna adhabu, yangu nitaipokea. Lakini waulizeni pia walioniletea kalamu.

Tangi la akiba ya maji ya moto nalo linatumika kiwandani bomba la mjini likikauka. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nane. Kuna asubuhi nimepanda ngazi ya tangi nikakuta maji yapo chini ya robo, na pampu haina habari, yenyewe itavuta hewa. Sina la kuongeza hapo. Kufuli la vali ya tangi halizidi bei ya mfuko mmoja wa saruji.

Na mlango wa nyuma wa ghala una kufuli jingine, hilo mlipata fedha ya kulinunua, kwa sababu ya wizi. Ufunguo uko ofisi ya ulinzi, upande wa pili wa kiwanja. Wengi wetu tumekulia Kilimanjaro. Jina la Shauritanga, Rombo, tumelijua tangu tukiwa wadogo: Juni 1994, bweni la wasichana, watoto wapatao 40 walioteketea usiku mmoja. Kina mama wa kule bado wanaisimulia kwa sauti ya chini. Hatuhitaji semina ya kutueleza mlango uliofungwa ni nini wakati wa moto.

Mazoezi zamani tulifanya kila wiki, tukizibwa macho kwa kitambaa na kupapasa mpira ndani ya ghala tupu. Kijana yule alitoka hai kwa sababu ya mazoezi hayo. Alijifunza mwaka wake wa kwanza, kabla hayajafutwa. Sasa tunafanya wageni wakija. Tunaosha gari, tunarusha maji juu yakang'aa na jua, tunapigwa picha, wageni wanapiga makofi. Waliotupiga picha hawana kosa. Ila ninawaomba wajumbe mkija tena mtuambie tu, "Vaeni mitungi, mzibe macho, mtafuteni mtu ndani ya ghala," mkae mtazame. Hapo mtaona kitengo chenu kilivyo.

Jambo lingine sikutaka kuliweka, mke wangu ndiye aliyesema nisiliache. Makoti ya moto tunayafua nyumbani. Hakuna mashine kazini, hakuna koti la pili la kubadilisha. Kwa hiyo masizi ya plastiki, rangi na mafuta yaliyoungua yanakuja nyumbani kwenye mfuko wa rambo, yanaingia kwenye beseni lile lile zinamofuliwa sare za shule. Mwaka 2022 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza, yaani kundi la mambo ambayo ushahidi unaonyesha kwamba yanasababisha saratani kwa binadamu. Sehemu ya sumu hiyo inapita kwenye ngozi kutoka kwenye nguo chafu. Niliposoma hayo nilikumbuka miaka yote ambayo binti yangu alikuwa anakimbilia kulipokea begi langu mlangoni. Nilianza kumkataza, naye akadhani nimemkasirikia.

Kuna watakaosema kiwanda kiachane na kitengo chake, kitegemee Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tunapiga 114 kila moto unapotokea, na tutaendelea kupiga. Wale ni ndugu zetu wa kazi, na tangu sheria yao ya mwaka 2007 askari hao ndio wenye dhamana ya moto nchi nzima, tofauti na zamani huduma hiyo ilipokuwa mikononi mwa halmashauri. Lakini dakika za mwanzo ni za aliye karibu. Moto unaozimwa na mtungi mdogo wa poda sasa hivi, baada ya robo saa unahitaji magari matatu. Halafu jambo moja: kamanda wao akishuka kwenye gari, kabla hata ya kuuliza maji yako wapi, swali lake la kwanza ni "Ndani kuna watu wangapi?" Usiku ule kama angeniuliza mimi, ningemwonyesha ubao uliolala chini.

Nimewahi kuona jambo hili likifanywa vizuri na watu wasio na chochote. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka, moto ulioanza eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, nilikuwa likizo nyumbani Marangu, nikapanda na wanakijiji. Walipanda watu wengi mno siku zile, askari wa hifadhi, wanafunzi, wapagazi, waongozaji, wananchi wa kawaida. Wengi wetu hatukuwa na mtungi wa hewa wala koti. Tulipiga moto kwa matawi mabichi na kuchimba mikanda ya udongo kwenye vichaka vikavu vya mlimani. Kundi letu liliongozwa na mzee mmoja aliyebeba mizigo ya watalii maisha yake yote. Kabla ya kuanza alituhesabu. Kila tulipobadilisha mahali alituhesabu. Jioni mwenzetu mmoja alichelewa nyuma ya bonde, na mzee alikataa kundi zima kushuka hata hatua moja, na baridi ile, mpaka hesabu itimie. Hakuwa na ubao. Alikuwa na vijiti mfukoni, kimoja kwa kila mtu. Nilimwamini mzee yule kuliko nilivyowahi kumwamini mtu yeyote mwenye cheo kwenye kiwanda chenu, na nilikuwa nimemjua kwa saa kumi tu.

Tunachoomba sasa.

Hatuombi mshahara. Tulishaombea mshahara kwingine, utakuja siku yake. Tunaomba amri ya maandishi, yenye saini ya Mkurugenzi, kwamba mtu wa ubao haondolewi mlangoni na mtu yeyote, awe mkuu wa kitengo, awe Mkurugenzi mwenyewe, wakati kuna kibati kwenye ubao. Tunaomba amri ya eneo la moto ibaki kwa kiongozi wa zamu aliyefunzwa, mpaka mkuu wetu naye atakapopelekwa kozi na kurudi. Apelekwe. Tungefurahi arudi akiwa anajua. Mtu anayefika kazini kabla ya wote akijua kazi hii atakuwa mkuu mzuri sana. Mitungi yote ishushwe kwenye rafu, ikaguliwe na mtu wa nje asiyelipwa na stoo, na iliyopitwa na muda isirudi. Taarifa ya moto wa ule usiku iandikwe upya, kijana arudishiwe gharama zake za hospitali, na jambo lake lipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama sheria inavyotaka. Mwenzetu aliyepeleka barua atoke getini. Hilo la mwisho lifanyeni kwanza, kwa sababu linawezekana kesho asubuhi kwa simu moja, na wote tunaangalia.

Tangi, kufuli la mlango na mashine ya kufulia makoti tutazungumza tukikaa mezani.

Hatutagoma. Mtu akiwa ndani ya moto tutaingia, iwe ni mfanyakazi, mgeni, au mwizi aliyekuja kuiba pamba. Lakini kwa ajili ya marobota na vipuri, kuanzia sasa hakuna mzimamoto wa zamu yangu atakayevuka kizingiti cha moshi kama mlangoni hakuna mtu wa ubao. Ninawaambia mapema, kwa maandishi, ili siku hiyo ikifika isionekane ni uasi wa ghafla. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake. Sisi tunawasaidia kuutimiza.

Najua barua hii inaweza kunigharimu kazi. Nimelizungumza na mke wangu, tumelizungumza pia na mama mkwe, ambaye aliniuliza swali moja tu: kijana yule ana watoto? Nikamwambia anaye mmoja, wa kiume, hajaanza shule. Akasema basi andika.

Nimeusafisha ubao. Nilitoa matope kwa sabuni, nikaunyoosha pembe iliyokunjika, nikanunua kalamu mbili dukani Ngarenaro, moja ya akiba. Vibati vyote vipo, nimevihesabu. Uko umetundikwa kwenye mlango wa gari, upande wa dereva, mahali ambapo kila mtu anauona. Ijumaa zamu yangu inaingia saa 12 jioni. Mkiweza, leteni jibu kabla ya hapo, likiwa na saini.

Wenu katika kazi,

Kiongozi wa zamu ya usiku,
Kitengo cha zimamoto,
Arusha